Buti Lako Lina Lita Ngapi? Hesabu ya Boksi la Spika Kati ya Mbinga na Mbamba Bay

“Sitini, arobaini, thelathini!” fundi seremala aliita, na kijana wake akaandika kwa penseli juu ya ubao. Hakuuliza spika ni ya inchi ngapi. Hakuuliza gari linabeba nini wala linakwenda wapi. Aliingiza tepu ndani ya buti la Probox yangu, akaona vipimo vinaingia, akaridhika. Ilikuwa Mbinga mjini, msimu wa kahawa, na mbele yangu walikuwa wamesimama wawili wengine wakisubiri maboksi yao ya muziki wa gari. Wote tuliandikiwa namba zilezile tatu.

Zidisha namba hizo: sentimita 60 kwa 40 kwa 30 ni sentimita za ujazo 72,000. Gawa kwa 1,000, unapata lita 72. Kwa lugha ya sokoni, debe likiwa la lita 20, hayo ni madebe matatu na zaidi ya nusu ambayo hayataingia tena kwenye buti lako. Kwa mtu anayeshuka na kupanda kati ya Mbinga na Mbamba Bay, au anayetoka Kitura na mzigo wake, hiyo ndiyo gharama ya kwanza ya boksi, na inatangulia wati na shilingi. Siku hiyo sikuijua. Nilijua tu kwamba nataka besi.

Nimeshatengeneza maboksi matatu tangu wakati huo, mawili nikayavunja. Ninachoandika hapa ni hesabu niliyotamani mtu anipe kabla sijatoa hela ya kwanza, kwa sababu naona vijana wetu wakiuza kahawa, wakinunua spika kubwa na amplifaya yenye maandishi makubwa, kisha wakiifungia hela yote hiyo ndani ya sanduku lililokatwa kwa kukisia.

Tuanze na hewa. Spika haijui ukubwa wa boksi kwa nje. Inajua hewa iliyomo ndani. Ubao wa milimita 18 ukiwa kila upande unakula sentimita 3.6 katika kila kipimo, hivyo ndani unabaki na 56.4 kwa 36.4 kwa 26.4. Hizo ni lita 54.2. Yaani mbao zenyewe zimemeza karibu lita 18, debe zima kasoro kidogo. Bado hujaweka kitu. Spika ya inchi 12, pamoja na sumaku yake, inachukua kama lita 3. Viungo vya mbao vya kuimarisha ndani vinachukua lita 1. Bomba la kupitishia hewa, kama boksi ni la bomba, linachukua lita 3.5. Hewa halisi inayobaki ni lita 46.7. Fundi aliyekuambia “hili ni boksi la lita sabini” hakudanganya kwa makusudi, lakini theluthi moja ya namba yake haipo.

Kwa nini hewa hiyo iwe na maana kiasi hicho? Chukua chupa tupu ya soda, puliza juu ya mdomo wake. Inalia kwa sauti nzito. Tia maji nusu, puliza tena: sauti inapanda, inakuwa nyembamba. Hakuna kilichobadilika ila hewa iliyopungua tumboni mwa chupa. Boksi la bomba linafanya kazi hivyohivyo. Hewa ya ndani ni kama springi, na hewa iliyo kwenye bomba ni kama uzito unaoning’inia kwenye springi hiyo. Hewa ikiwa nyingi na bomba likiwa refu, boksi linaimba chini. Hewa ikiwa kidogo na bomba likiwa fupi, linaimba juu. Kila boksi la aina hii lina nota yake moja, na fundi ndiye anayeichagua, ajue asijue.

Nota hiyo inapigiwa hesabu, na hesabu yake inawezekana kwa simu ya tochi. Chukua kipenyo cha ndani cha bomba kwa sentimita, kizidishe kwa chenyewe, kisha zidisha kwa 23,562. Weka jibu pembeni. Halafu chukua nota unayoitaka kwa hezi, izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa lita za hewa halisi. Gawa jibu la kwanza kwa la pili. Mwisho toa kipenyo cha bomba mara 0.73. Unachopata ni urefu wa bomba kwa sentimita.

Tufanye pamoja. Bomba la PVC la maji machafu la inchi nne lina kipenyo cha nje cha sentimita 11, na cha ndani kama 10.4. Nota ninayoitaka ni hezi 35. Hewa ni lita 46.7. Jibu ni sentimita 37. Sasa angalia tatizo linalojitokeza: kina cha boksi kwa ndani ni 26.4, kwa hiyo bomba hili haliwezi kutokea mbele, litagonga ubao wa nyuma kabla halijaisha. Lazima lilale kwa upana, kwenye kona ya juu ya nyuma, na mdomo wake utokee ubavuni. Huko lina sentimita 56.4 za kulala, na mwisho wake unabaki na nafasi ya kupumua. Hili ni jambo la kuamuliwa kwenye karatasi, kabla msumeno haujawashwa.

Boksi langu la kwanza bomba lake lilikuwa na sentimita 12 tu. Fundi alikuwa na kipande kilichobaki cha urefu huo, akakitumia. Nilipokuja kupiga hesabu baadaye niligundua kwamba boksi lile lilikuwa likiimba kwenye hezi 51. Kwa siku mbili za kwanza nilifurahi, maana kila ngoma ilipigwa kwa kishindo kilekile na kioo cha nyuma kilikuwa kinatetemeka. Siku ya tatu nikaweka muziki wa dansi, ule wa gitaa la besi linalotembea. Gitaa la besi lenye nyuzi nne, uzi wake mnene kabisa ukipigwa wazi unatoa hezi 41. Unaofuata unatoa 55. Basi kila mpigaji alipogusa uzi huo wa pili sauti ilijaa gari, na kila aliposhuka kwenye uzi ule mnene ilinyong’onyea, kana kwamba ametoka jukwaani. Nilirudia wimbo mara nne nikidhani faili la simu ni bovu. Halikuwa bovu. Tofauti ilikuwa sentimita 25 za bomba la PVC.

Kuna madhara mengine ya nota iliyokaa juu, na haya yanagusa mfuko. Chini ya nota ya boksi, hewa huacha kuishika spika. Utando wake unaanza kurukaruka bila breki, na ukizidisha sauti, koili inagonga au kuungua. Wengi wanaorudisha spika dukani wakilalamika kwamba ni feki, spika zao zimeuawa na boksi.

Sasa mbao. Ubao mzima wa futi 8 kwa 4 una mita za mraba 2.98. Boksi letu linahitaji 0.99. Kwa karatasi, ubao mmoja unatoa maboksi matatu. Kwa msumeno unatoa mawili, kwa sababu njia ya msumeno nayo inakula, na vipande havipangiki kama hela kwenye pochi. Kwa hiyo tafuta mwenzako mmoja mnunue ubao kwa pamoja. Kipande kinachobaki, karibu theluthi, kinatosha viungo vya ndani vya maboksi yote mawili.

Watu wengi hapa wanaombwa wachague kati ya milimita 12 na 18, na wanachagua 12 kwa kuwa ni rahisi na nyepesi. Ugumu wa ubao kupinda hauendi sawa na unene. Unakwenda kwa unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Ubao wa 18 ni mnene mara moja na nusu kuliko wa 12, lakini ni mgumu zaidi ya mara tatu. Ubao unaopinda unapumua pamoja na spika, na nguvu inayopumuliwa na ubao ni nguvu uliyoilipia kwenye amplifaya.

Kuhusu aina, nitasema wazi: kwa gari linaloshuka ziwani Mbamba Bay, nunua plaiwudi, achana na MDF. Vitabu vingi vya muziki wa magari vinaisifu MDF kwa kuwa ni nzito na haitetemi ovyo. Nami niliifuata. Boksi langu la pili lilikuwa la MDF, limekatwa vizuri, bomba sahihi, sauti safi. Halafu tukapakia usipa Mbamba Bay. Ndoo ikavuja kidogo, maji ya samaki yakapita chini ya kapeti, na baada ya majuma mawili kingo za chini za boksi zilikuwa zimevimba kama mkate uliolowa chai. Skrubu zilizungukia hewani. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Zikinywa maji hazirudi. Plaiwudi ni tabaka za mbao zilizolazwa kwa kupishana, na ukizipaka vanishi kingo zake inavumilia. Tena ni nyepesi: boksi letu likiwa la MDF lina uzito wa kama kilo 13, likiwa la plaiwudi ya msindano halifiki 10. Na plaiwudi ya msindano haitoki mbali, viwanda vipo Mafinga, kwenye misitu ya Mufindi.

Viungo vishikwe kwa gundi nyeupe ya mbao, na skrubu kila sentimita 10. Kisha ziba kila kona kwa ndani kwa gundi iliyochanganywa na unga wa msumeno. Kuna namna ya kukagua ambayo haihitaji kifaa: ziba mdomo wa bomba, washa mshumaa, mwambie mwenzako asukume utando wa spika taratibu kwa vidole, huku wewe ukipitisha mwali wa mshumaa kando ya kila kiungo. Mwali ukitikisika, hapo pana tundu. Ni kazi ya dakika tano, nami sijaona fundi akiifanya bila kuombwa.

Tuje kwenye wati, mahali ambapo hela nyingi hupotea. Maandishi ya kwenye amplifaya ni mapambo. Ukweli wake uko kwenye fyuzi, ubavuni. Gari likiwa linanguruma, umeme wake ni karibu volti 13.8. Amplifaya iliyoandikwa wati 2,000 ikiwa na fyuzi moja ya ampea 30, zidisha 30 kwa 13.8: inaweza kuvuta wati 414 tu kwa mfululizo, na hapo bado haijatoa chochote. Zile za mfumo wa zamani, daraja AB, hutoa nusu ya zinachovuta au zaidi kidogo. Za daraja D hutoa kama asilimia 80. Kwa hiyo “wati 2,000” yako ni wati 230 au 330. Ukitaka wati 500 za kweli, tafuta daraja D yenye fyuzi mbili za 25. Muuzaji akikuuliza kwa nini unachungulia fyuzi, mwambie unasoma.

Na kabla hujakimbilia kubwa zaidi, ujue hili: kuongeza nguvu mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu. Sikio linazisikia, lakini halishtuki. Ili mtu aseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji desibeli kama 10, na hizo ni nguvu mara kumi. Kutoka wati 500 hadi 1,000 utalipa hela nyingi kwa badiliko dogo. Boksi lililokatwa sawasawa, kwenye nota yake sahihi, linakupa desibeli kadhaa bila wati hata moja ya ziada.

Waya nao wana hesabu yao. Wati 500 za daraja D zikivutwa zote zinahitaji ampea 45. Kutoka betri hadi buti ni kama mita 5 za waya. Waya wa shaba wa milimita za mraba 4 unapoteza karibu volti 1 njiani. Ule wa milimita 16 unapoteza robo ya volti. Na kama waya wako ni aluminiamu iliyopakwa shaba, aina iliyojaa madukani na yenye ngozi nene ya kuvutia, ule wa milimita 4 unapoteza volti 1.5, na wati karibu 68 zinageuka joto. Ni balbu ya zamani inayowaka chini ya zulia la gari, pembeni ya bomba la petroli. Kwaruza waya kwa kisu kabla ya kulipa: ukiona weupe ndani, uache. Fyuzi kuu ya ampea 60 iwekwe isizidi sentimita 45 kutoka betri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi.

Sasa shilingi. Bei ninazoweka hapa ni za kufanyia hesabu. Wewe weka za kwenu, mpango unabaki uleule. Tuseme spika ya inchi 12 ni 150,000 na amplifaya ni 250,000. Ubao mzima wa plaiwudi ni 75,000, kipande cha bomba 5,000, gundi 8,000, skrubu 6,000, kapeti ya kufunikia 20,000, kiunganishi cha nyuma 5,000, na ufundi wa seremala 50,000. Boksi peke yake limefika 169,000. Waya mnene wa shaba mita 6, pamoja na ule wa bodi, 48,000. Fyuzi na kifuko chake 12,000. Waya wa mawimbi kutoka redioni 10,000. Wa spika 4,000. Fundi umeme wa magari 40,000. Hapo 114,000. Jumla 683,000. Mkigawana ubao wawili, inashuka hadi 645,500.

Iangalie jumla hiyo kwa mafungu. Spika na amplifaya ni asilimia 59. Boksi ni 25. Umeme ni 17 kasoro. Mtu akitaka kubana, anabana kwenye mbao na waya, maana vitu hivyo havionekani. Tuseme ametumia ubao wa 12 akaokoa 25,000, na waya mwembamba akaokoa 36,000. Ameokoa 61,000, asilimia 9 ya gharama yote, na sasa asilimia 91 iliyobaki inafanya kazi ikiwa imefungwa mikono. Nikiwa na hela pungufu, ningepunguza spika kutoka inchi 12 hadi 10 na amplifaya hadi wati 300, lakini mbao na shaba nisingezigusa.

Gharama ya kuendesha ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Muziki hauvuti nguvu zote muda wote; kwa sauti ya kawaida ya safari wastani ni kama ampea 15. Ukipiga hesabu ya altaneta na injini, hiyo ni lita 0.15 ya petroli kwa saa. Petroli ikiwa shilingi 3,000, ni 450 kwa saa. Barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 67. Kwa mwendo wa 60 ni saa moja na dakika saba, basi safari nzima muziki unakula kama shilingi 500. Uzito wa kilo 20 za boksi, spika na amplifaya hauonekani kwenye mafuta. Unapoonekana ni siku ya ajali. Gari la kilomita 50 kwa saa likisimama ghafla kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kilo 20 zisizofungwa zinakuja mbele kwa nguvu ya karibu kilo 280. Ni magunia matatu kasoro kidogo yanayoruka kuelekea shingo za abiria. Boksi lifungwe kwenye bodi kwa bolti nne, na anayekuambia uzito wake unatosha kulishikilia, usimsikilize. Mteremko wa milima ya Umatengo kwenda ziwani una kona nyingi mno kwa maneno hayo.

Injini ikizimwa, mambo yanabadilika. Betri ya ampea-saa 45 ikivutwa ampea 15, saa moja na nusu inatosha kuifikisha nusu. Nimewaona wengi pale ufukweni Mbamba Bay, milango wazi, muziki unapigwa na gari limezimwa, kisha jioni wanaomba wapita njia wasukume.

Lakini gharama kubwa bado sijaitaja, ingawa tulianza nayo. Ni nafasi. Tuseme buti lako ni la biashara na kila debe moja linakuingizia 1,000 kwa safari. Safari moja kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Madebe 3.6 uliyoyatoa sadaka kwa muziki yangekuingizia 93,600 kwa mwezi. Kabla ya mwezi wa nane kuisha, nafasi imeshakugharimu zaidi ya 683,000 zote ulizolipa madukani na kwa mafundi, na inaendelea kukugharimu. Kama buti hujaa nusu ya safari tu, gawa kwa mbili. Kama gari ni la familia na buti liko tupu, gharama hii ni sifuri na una kila sababu ya kufurahia boksi lako kubwa. Kila mtu aipige kwa gari lake, wala asiige la jirani.

Kwa mwenye mzigo kuna njia ya kati, nayo ndiyo niliyoishia. Boksi lililofungwa, lisilo na bomba. Vipimo vya nje 45 kwa 36 kwa 27 ni lita 43.7, madebe 2.2. Ndani, baada ya spika na viungo, zinabaki lita 28, na spika nyingi za inchi 12 zilizotengenezwa kwa boksi la namna hii zinaridhika hapo. Unapoteza kishindo kidogo kwenye nota za chini kabisa. Unapata gitaa la besi lililonyooka, kila uzi na sauti yake, na kwenye gari lisilo na ukuta kati ya buti na viti, kama Probox, udogo wa chumba chenyewe huzinyanyua nota za chini. Kwa bei zetu za mfano, kila mwezi linakurudishia 36,400 ambazo lile la bomba lingekula. Kuna pia spika za inchi 8 katika boksi la nje la lita 20, debe moja. Utando wake una eneo dogo zaidi ya mara mbili kuliko wa inchi 12, kwa hiyo usitarajie sherehe, ila kwa dereva anayetaka kusikia muziki wake vizuri inatosha. Kitu kimoja usikifanye: kulitoa tairi la spea ili upate nafasi. Nimeona watu wakifanya hivyo, na barabara za vijijini kwetu zina mawe.

Siku moja nilimpakia mama mmoja mtu mzima kutoka ziwani, na ndoo yake ya usipa mapajani. Alikaa kiti cha nyuma, mgongo wake hatua moja kutoka kwenye spika. Tulipofika kona ya tatu akasema, “Mwanangu, punguza kidogo, kinanipiga kifuani.” Nilipunguza kwa aibu, na usiku ule nikatafuta namba za masikio. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda unakatwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1, na 100 kwa dakika 15. Kwa desibeli 94, safari yetu ya dakika 67 inamaliza posho ya masikio ya siku nzima kabla hujafika ziwani. Kwa desibeli 100 inaisha kwenye kilomita 15 za mwanzo. Na hiyo posho ni ya mfanyakazi mtu mzima. Watoto wachanga nao tunawapakia viti vilevile vya nyuma.

Majirani nao wamo. Tanzania ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya sheria ya mazingira, na baraza la taifa la mazingira, NEMC, limekuwa likizitumia kwa mabaa na kumbi. Besi haizuiliki kirahisi kwa ukuta wala dirisha. Wimbi la hezi 41 lina urefu wa mita zaidi ya 8; linapita nyumba ya matofali kana kwamba ni chandarua. Ukifika kijijini saa nne usiku, shusha.

Ukitaka kuanza, anza bila hela. Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, fungua buti, weka ndani mzigo unaobeba siku za kawaida, kisha pima nafasi inayobaki kwa tepu: upana, urefu, kimo. Zidisha, gawa kwa 1,000. Andika hiyo namba ya lita kwenye kiganja, na uende nayo dukani. Spika isiyoweza kuishi ndani ya lita hizo iache ilipo, hata kama bei yake imeshushwa.